Siku ya gemu Kigali: siku moja maishani mwangu nikicheza namba nne kwenye kikapu

Saa 12 asubuhi niko macho. Simu baadaye, kwanza nakaa kitandani najisikilizia, enka, magoti, kiuno, kwa mpangilio huo huo kila siku, maana mtu anayecheza namba nne anagongwa gemu nzima na maumivu hayasemi usiku ule ule, yanasubiri asubuhi. Leo niko freshi. Enka ya kushoto imekaza kidogo ila inakubali.

Kwa ambao hatufahamiani, mi ni Mtanzania, nimekulia Temeke, nacheza kikapu cha kulipwa hapa Kigali. Nafasi yangu, hiyo namba nne, ni fowadi, yule anayekaa karibu na ringi, anapiga skrini, yaani anasimama kumzibia njia beki, anagombania ribaundi, ile mipira iliyokosa kuingia, halafu siku hizi anatakiwa atoke nje pia kwenye laini ya pointi tatu afunge. Nyumbani ukitaja kikapu watu wanamtaja Hasheem Thabeet, na wana haki, ndo Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kubwa ya Marekani, kachaguliwa namba 2 mwaka 2009 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Ila yule ni senta, nafasi ya warefu kabisa, mita 2.21. Sisi wa mita mbili kasoro ugali wetu tunautafuta kwa njia nyingine kabisa, na hiyo ndo nataka muione leo.

Saa 2 chai. Mayai, chapati, ndizi mbivu, chai ya maziwa yenye tangawizi. Hapa Nyamirambo Kiswahili kipo mtaani kwahiyo sijawahi kujihisi mgeni sana, kilichonisumbua ni pumzi tu. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mi nimetoka pwani, wiki za mwanzo ukikimbia kota moja, robo tu ya gemu, kifua kinawaka moto. Sasa hivi nimezoea, na timu ikija kutoka pwani naifurahia kweli.

Saa 3 tuko kwenye video. Mashabiki wengi hawaijui hii sehemu na mi naona ndo nusu ya kazi yenyewe. Kocha anasimamisha picha mrushaji akiwa bado kashika mpira, anauliza, "Namba nne wangu yuko wapi hapa?" Sio mpira ukiwa hewani, hapo umeshachelewa. Mpira wa pointi tatu ukirushwa kutoka kona na ukakosa, mara nyingi unaangukia upande wa pili tena mbali na ringi, kwahiyo fowadi anayesubiri chini ya ringi anaangalia unampita kichwani. Tunarudia klipu moja mpaka kila mtu anaona mguu wake ulitakiwa kuwa wapi.

Saa 4 na nusu uwanjani, mazoezi mepesi. Mi na fowadi mwenzangu, dogo wa Goma, Kongo, tunabanana tu. Kazi ni moja, mpira ukirushwa usiuangalie kwanza, mtafute mtu. Mkono wa mbele unamgusa kifuani ujue alipo, unazungusha mguu, unamkalia mapajani, unashuka chini, halafu mikono unaifungua juu ili refa aone hujamshika. Hapo ndo unaruhusiwa kutafuta mpira. Ukifanya vizuri hata huhitaji kuruka sana, unamzuia yeye asiruke. Dogo ana nguvu sana, anasukuma mpaka unasikia raba zinalia. Mchezaji anayemkubali ni Jonathan Kuminga, naye fowadi, naye wa Goma, aliyechaguliwa namba 7 na Golden State Warriors ya NBA mwaka 2021 na msimu huo huo wakabeba ubingwa. Tukiwa tunakunywa maji ananiambia, "Mukubwa, ule namba ine yao anachokaga mbio, umukimbize tu." Yaani namba nne wa wapinzani wetu wa leo anachoka haraka. Nikaliweka kichwani.

Saa 7 mchana wali, maharage, kuku wa kuchemsha, mafuta kidogo. Wakati wa kula stori ni mikataba, kama kawaida ya wachezaji popote. Kuna dogo anataka kwenda kucheza nje na ameshatumiwa karatasi asaini, nikamwambia asome kwanza kila mstari. Ukihama nchi lazima shirikisho la kikapu la nchi unayotoka litoe barua ya kukuruhusu, bila hiyo unaweza kukaa benchi umevaa nguo za kawaida mwezi mzima. Na aangalie kama mkataba una kipengele cha kupeleka mgogoro BAT, lile baraza la usuluhishi linalotambuliwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Mi nilishawahi kudaiana mshahara na timu moja huko nyuma, mkataba wangu haukuwa na hicho kipengele, ile hela mpaka leo sijaiona. Mikataba yetu mingi ni ya msimu mmoja mmoja, umri unaenda, magoti yanaenda, hakuna mtu wa kukulindia zaidi ya hiyo karatasi.

Saa 8 mpaka saa 10 nalala, pazia limefungwa, simu imezimwa.

Saa 10 jioni kwa dada wa fizio, kufungwa enka. Anakwambia ukunje unyayo juu, uushikilie hivyo hivyo. Anapulizia spreyi ya kunatisha, anazungusha sponji nyembamba ili ngozi isichunike, halafu tepu, kwanza duara mbili juu ya kifundo, kisha inashuka ndani inapita chini ya kisigino inapanda nje, mara tatu, mwisho anakifungia kisigino pande zote. Akimaliza anaipiga kofi anasema "Nenda kafanye kazi." Fowadi anatua kwenye miguu ya watu wengine kila gemu kwahiyo hii robo saa siichezei.

Saa 11 na nusu tunaingia Petit Stade, Remera, jirani na BK Arena ambako msimu wa kwanza wa BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ulichezwa mwaka 2021. Kila nikipita pale mlangoni natamani.

Saa 1 usiku gemu. Nikamfuata yule namba nne wao kama dogo alivyosema, kila tukipata mpira mi nakimbia mpaka chini ya ringi, nipewe nisipewe, yeye lazima arudi na mimi. Kota ya pili akaanza kushika viuno. Kota ya tatu amechoka, badala ya kusogeza miguu anaweka mikono, faulo, faulo tena, sheria za FIBA tano unatoka, yake ya nne akakaa benchi. Hiyo haiandikwi popote kwamba ni kazi yangu lakini benchi letu lote lilikuwa linajua, walisimama wakanipigia makofi na sikuwa hata na mpira.

Imebaki kama dakika moja tunaongoza kwa pointi 2. Mpira uko kwa mrushaji wetu kona ya kulia, na akishaanza kukunja magoti mi nimeshaondoka naelekea kushoto. Akakosa, ukagonga ringi ukaja mrefu, kwangu. Ukidaka ribaundi ya kushambulia namna hiyo saa ya kurusha inarudishwa sekunde 14, yaani mnapata muda mpya wa kushambulia, nikautoa nje kwa gadi, mchezesha timu wetu, tukazila karibu zote, ikabidi watufanyie faulo kusimamisha muda. Tukamaliza kwenye mipira ya adhabu, tukashinda kwa 6. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nawaambieni hakuna dunki, ile ya kuusindilia mpira ringini, inayonipa raha kama ribaundi ile.

Saa 4 usiku miguu iko kwenye ndoo ya barafu, sahani ya viazi na nyama mkononi, nampigia mama. Dar wako saa moja mbele, kwahiyo kwake ni saa 5 na bado yuko macho ananisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Umefunga ngapi?"

"8."

"Na zile ribaundi?"

"11."

"Eeh, hapo sawa. Haya, malizia kula ukalale, mgongo ule usiulalie vibaya."