Dawa ya Mama Iliyokuwa Ikiishia Shavuni

Mama alipogundulika kuwa na glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, nusu ya mtaa wetu hapa Ujiji iligeuka kuwa madaktari. Mmoja alishauri tusubiri ugonjwa "ukomae" ndipo apasuliwe na kuona kama zamani, ushauri ambao siku hizi hautolewi hata kwa mtoto wa jicho, na ambao kwa glakoma ni hatari, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuliwi kwa kisu wala kwa dawa. Mwingine alishikilia kuwa Mama haumwi, kwani bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kutunga alikuwa anatunga, lakini birika lililowekwa ubavuni mwake alikuwa akilipiga kumbo karibu kila asubuhi, maana ugonjwa huu huanza kwa kula uoni wa pembeni na kuuacha wa katikati hadi mwisho.

Daktari alimwuliza kwanza kama ana pumu, kisha akamwandikia timololi, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. (Wanaoazimana chupa walizingatie swali hilo, kwa kuwa dawa hii inaweza kumbana vibaya mwenye pumu.) Kazi ikaanzia hapo. Mama alikuwa akisimama mlangoni penye mwanga na kuinua uso, lakini ncha ya chupa ikikaribia tu, jicho linafumba lenyewe na tone linateremka shavuni. Anaongeza la pili, anaongeza la tatu, na chupa ya mwezi mzima inakauka mapema, nami narudi duka la dawa na elfu kadhaa nyingine. Nilipojaribu kumshika kichwa, aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mwanangu, unataka kunichinja?"

Dawa ya hilo ilikuwa kitanda. Alilala chali akitazama dari, nikamwonesha namna ya kuvuta kope la chini lifanye kijifuko, na tone likaingia humo. Hata hivyo, kwa joto letu la Kigoma tone lilikuwa vuguvugu, hivyo alipoanza kujidondoshea hakujua kama limeingia au la, na kwa shaka hiyo akaongeza jingine. Ndipo nilipobuni jambo ambalo hadi leo najisifu nalo: chupa niliitia ndani ya kikombe cha plastiki, nikakiweka chini kando ya mtungi wa maji. Tone likitoka huko lina ubaridi kidogo, na likigusa jicho tu Mama husema, "Limeingia."

Baada ya hapo hufumba macho na kubonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isipite kwenye njia ya machozi na kuishia kooni. Ramadhani ilipofika, kubonyeza huko kulimpa utulivu zaidi kuliko fatwa niliyomletea kwamba tone la jicho halibatilishi saumu, ingawa tulipanga adondoshe kabla ya alfajiri na baada ya kufuturu, saa ambazo zinaendana vizuri na dawa ya mara mbili kwa siku.

Nilipata pia kusoma juu ya utafiti wa Moshi, katika hospitali ya KCMC, uliochapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 wenye glakoma ya presha ya juu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa timololi na wengine wakapigwa mwanga wa leza unaosaidia maji ya jicho kutoka. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho ya leza, dhidi ya asilimia 31 ya macho ya timololi. Nilichekea moyoni niliposoma kwamba hata huko iliruhusiwa mgonjwa kufundishwa upya kudondosha dawa.

Tulikwenda Moshi kwa basi. Nauli na malazi vilimeza pesa ya mbuzi wawili, na leza yenyewe ilichukua dakika chache. Presha imeshuka, japo leza nayo nguvu zake hupungua kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo kupimwa hakukomi. Nasi watoto tumepimwa, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, isipokuwa kaka yangu, ambaye husimama ufukweni akatuhesabia mitumbwi iliyo mbali ziwani na kutuuliza mtu mgonjwa angeionaje.