Siku moja maishani mwangu: sampuli za vinasaba vya papa, soko la samaki la Deep Sea, Tanga

Saa 11 alfajiri. Vichupa vya mililita 2 vinajazwa ethanoli ya asilimia 95. Namba naandika kwa penseli kwenye kikaratasi kinachotumbukizwa ndani. Wino hufutwa na ethanoli, na sampuli isiyo na namba ni ya kutupa.

Saa 12 na nusu. Mashua za jarife, nyavu za samaki wakubwa, zinashusha papa na samaki aina ya taa.

"Shikamoo mzee, naomba kinyama kidogo."

"Marahaba mwanangu. Pezi tu usiguse."

Pezi ndilo lenye bei. Nakata karibu na matamvua, kiasi cha punje ya kunde, nyama ya ndani, maana ngozi imepakwa ute wa samaki wote waliorundikwa naye. Kisha kisu kinaoshwa kwa klorini na kusuuzwa kwa maji safi kabla ya samaki mwingine. Wengi hufuta kwa spiriti tu. Spiriti huua vijidudu, lakini vinasaba hubaki kwenye makali, na papa wa pili akasomeka kama wa kwanza. Urefu, jinsia, wavu na mahali alipovuliwa vinaandikwa papo hapo. Aliyekwisha kukatwa kichwa na mapezi ndiye wa kwanza kuchukuliwa sampuli, kwa kuwa macho hayatoshi kumtambua.

Saa 3. Nabadilisha ethanoli ya sampuli za jana. Imezimuliwa na maji ya nyama, na kwa joto la Tanga vinasaba huharibika upesi.

Saa 4, maabara. Miligramu 25 za nyama, zilizokatwakatwa, zinakaa na kimeng'enya kwenye nyuzi 56 mpaka ziyeyuke zote. Hapa haraka haifai kabisa.

Saa 8. Mashine ya PCR, ya kuzidisha vinasaba, inanakili kipande cha jeni iitwayo COI, herufi kama 650, mizunguko 35. Kichupa kimoja hakitiwi vinasaba. Kikionyesha mstari kwenye jeli ya kukagulia vinasaba, kuna uchafu, na kundi zima linarudiwa.

COI hutaja aina ya samaki. Kwa kuwa hurithiwa kwa mama pekee, haitoshi kueleza kama papa wa huku huzaliana na wa kwingine. Hapo zinatakiwa alama nyingi za vinasaba vya kwenye kiini cha seli, vinavyotoka kwa baba na mama. Swali hilo ni zito. Kwa mfano, mwaka 2011 vinasaba vilionyesha silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi tofauti na la Komoro, kwa hiyo wakiisha Tanga tusitegemee wa Komoro kuziba pengo.

Saa 10 jioni. Fomu. Pingusi, papa wenye kichwa kama nyundo, wamo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata kinyama cha punje ya kunde kikienda nje kinahitaji kibali. Nalinganisha namba za vichupa na daftari, moja moja, kisha vyote friza, nyuzi 20 chini ya sifuri.