Logi zimekula diski yangu yote

Jana kompyuta yangu ya Linux imegoma kabisa kuseivu faili, napiga df -h (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) nakuta diski imejaa 100%, nikashangaa maana sina muvi wala nini humo. Nikapiga sudo du -sh /var/log/* (inapima ukubwa wa logi, yaani faili ambazo mfumo na programu huandikia matukio yake) hapo ndo nikamuona mwizi, folda ya journal (logi za systemd, programu inayoendesha huduma za mfumo) peke yake giga 3.9, na faili ya syslog (logi ya jumla ya mfumo) nayo imenenepa kwa sababu kuna programu moja ilikuwa inaandika kosa lilelile kila sekunde.

Sasa jamani msikimbilie rm (amri ya kufuta faili). Ukifuta faili ambayo programu bado imeifungua, jina linapotea ila nafasi hairudi mpaka programu yenyewe iifunge au uizime, bora uimwage yaliyomo ibaki tupu kwa sudo truncate -s 0 /var/log/syslog. Ile ya journal nilipiga sudo journalctl --vacuum-size=200M ikashuka palepale, halafu kwenye /etc/systemd/journald.conf (faili ya mipangilio ya journal) nikaweka SystemMaxUse=200M na kurestati systemd-journald, maana ukiiacha hivihivi inajiachia mpaka 10% ya diski, mwisho giga 4.

Kuipunguza syslog ni kazi ya logrotate (programu inayozungusha logi na kufuta za zamani) lakini yenyewe inakuja kwa ratiba yake, kwa hiyo ile programu inayolalamika lazima uitibu kwanza, isome syslog kwa tail -f (inaonyesha mistari mipya inavyoingia) utaiona tu.