Bangili ya shanga isiyokatika baada ya wiki

Bangili nyingi za mpira zinazorudishwa na wateja huwa zimekatikia palepale: kwenye fundo. Shanga hazina kosa.

Anza na kipimo. Zungusha tepu ya fundi cherehani kwenye kifundo cha mkono, kisha ongeza sentimita 1.5. Mkono wa sentimita 16 unataka bangili ya 17.5, yaani shanga 22 hivi za milimita 8. Kata uzi wa mpira wa milimita 0.8, urefu wa sentimita 30, halafu uvute taratibu mara tano sita kabla ya kutunga. Wengi hawaifanyi hatua hii. Uzi usiovutwa hulegea ukishavaliwa, na mianya huonekana katikati ya shanga.

Bandika selotepu upande mmoja shanga zisimwagike. Chunguza matundu pia: shanga ya kioo yenye ukingo mkali hukata mpira kama wembe, kwa hiyo itupe, hata kama rangi yake inakuvutia.

Fundo sasa. Pitisha kushoto juu ya kulia mara mbili, kaza. Kisha kulia juu ya kushoto mara mbili, kaza tena huku ukivuta mpaka fundo lizame. Acha mikia ya milimita 3. Gundi ya papo hapo haifai, kwani hukausha mpira ukawa mgumu na kuvunjika; tumia ile inayobaki laini ikikauka, tone moja tu. Isubiri saa 24, ndipo ulifiche fundo ndani ya ushanga wenye tundu pana.