Waingie kwanza, mlango ufungwe baadaye

Jioni yote nimeandika herufi moja ya Kichina: 国, yaani nchi. Ina mistari minane. Unaanza na ukuta wa kushoto, juu kwenda chini. Wa pili unatoka juu kushoto, ukifika kulia unakunja kona na kushuka bila kuinua kalamu. Huo wote unahesabiwa mstari mmoja. Hapo nyumba unaiacha wazi kwa chini, unaandika 玉 ndani yake: mlalo, mlalo, wima, mlalo, nukta. Ndipo unafunga. Walimu wa Kichina huwaambia watoto kwamba watu waingie kwanza, mlango ufungwe baadaye, na tangu niisikie kauli hiyo, herufi nyingine zenye ukuta pande zote, kama 回 na 四 na 因, hazinisumbui tena.

Mwalimu wetu hapa Wuhan, China, hushika sana jambo hili la mpangilio wa mistari. Husimama nyuma yako akatazama mkono, karatasi hana haja nayo. Herufi inaweza kutoka nzuri kabisa na bado akakwambia uirudie, kwa sababu umeanzia chini. Wenzangu kadhaa huona huo ni ukali wa bure. Mimi namuunga mkono.

Kanuni zenyewe ni chache: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima kama katika 十, mguu wa kushoto kabla ya wa kulia kama katika 人. Tatizo ni pale herufi mbili zinazofanana zinapokwenda njia tofauti. 小 huanza katikati, kisha kushoto, kisha kulia. 火 ukiitazama utadhani ni ndugu yake, kumbe huanza na nukta mbili za pembeni, halafu ndiyo 人 anaingia katikati. Hapo hakuna kukisia, unaandika mpaka mkono uzoee.

China ina mwongozo rasmi wa mpangilio huu. Ule wa 1997 ulipanga herufi 7,000, mstari kwa mstari; mpya, ulioanza kutumika 2021, una herufi 8,105. Japani nako wana utaratibu wao. Mjapani ninayekaa naye dawati moja huanza 右 kwa mstari unaoteremkia kushoto, ilhali 左 huianza kwa mlalo. Wachina huanza zote mbili kwa mlalo. Mwalimu alimwacha aandike kama alivyolelewa, na nadhani alifanya vema: naye ana mpangilio, na anaufuata.

Faida yenyewe nimeiona kwenye kibanda cha kifungua kinywa karibu na bweni. Mama mwenye kibanda ameandika vyakula vyake kwa mkono kwenye kadibodi, haraka haraka, mistari imeshikana. Muda mrefu nilikuwa naagiza kwa kunyoosha kidole. Wiki hii nimesoma mwenyewe: 热干面, zile tambi za Wuhan zinazochanganywa na ufuta uliosagwa. Katika kitabu, 热 ina nukta nne chini. Kwenye kadibodi hakuna nukta hata moja, kuna wimbi moja refu linalotoka kushoto kwenda kulia. Nukta hizo huandikwa mwisho, kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayeandika mbio hazitenganishi, anaburuta kalamu tu. Asiyejua kalamu imepita wapi ataona mchirizo usio na maana. Anayejua anaona nukta zote nne.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema siku hizi simu inatosha. Ni kweli, unachapa matamshi kwa herufi za Kilatini, simu inakuletea orodha, unachagua. Wachina wengi nao husema wakishika kalamu herufi huwatoka akilini. Lakini barua ya bibi wa mtu, risiti ya fundi, ubao wa mwalimu mwenye haraka, vyote hivyo vimeandikwa kwa mkono, na mimi nataka kuvisoma.

Kesho naanza zile herufi ambazo sehemu moja huikumbatia nyingine kutoka chini. Katika 这 mkumbatio huo huandikwa mwisho, baada ya 文. Katika 起 ni kinyume: 走 hutangulia wote, mguu wake mrefu ukivutwa kulia, kisha 己 anakaa juu yake. Nimeshachora miraba ya kurasa mbili kwenye daftari, ukurasa wa kushoto wa 这, wa kulia wa 起.