Hela ya Kanyenye

Sururu ya mjomba iligonga kitu saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka 1983. Saa naikumbuka kwa sababu Bibi ndiyo kwanza alikuwa ametuletea uji wa ulezi, uji usio na sukari, maana mwaka ule sukari ilikuwa adimu Tabora kama ilivyokuwa adimu nchi nzima.

Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya babu mzaa mama, mtaani Kanyenye. Mjomba chini na sururu, mimi juu nikivuta udongo kwa ndoo na kamba. Shimo lilishamfika kiunoni. Akainama, akaokota kitu, akakifuta kwa kidole gumba, akakitemea mate, akakifuta tena, kisha akanyamaza. Mjomba hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Funga mlango wa ua," akaniambia kwa sauti ya chini.

Kilikuwa kisahani cha duara, kipana kuliko shilingi yetu ya mwenge, kimefanya kutu ya kijani na weusi. Ila pale sururu ilipokwangua ukingo paling'aa manjano. Manjano yale nayaona mpaka leo. Nilikuwa darasa la tano, sijawahi kushika dhahabu, na moyo wangu uliamua papo hapo kwamba hii ndiyo.

Mtu asiyekulia Tabora anaweza kushangaa kwa nini tuliamini haraka hivyo. Sisi tumelelewa na habari za mali ya Mjerumani. Boma lao liko palepale kilimani, reli yao inapita mjini, na kila mtaa una mzee anayesimulia masanduku yaliyofukiwa usiku kabla Wabelgiji hawajaingia. Nimeona watu wazima wakichimba mizizi ya mwembe usiku kwa taa ya chemli kwa sababu mganga fulani aliota. Kwa hiyo mjomba hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa Tabora.

Lakini ilikuwa 1983. Tangu mwezi wa tatu ulikuwa unaendelea msako wa wahujumu uchumi, na watu walikuwa wanaogopa kukutwa hata na katoni ya sabuni wasiyoweza kuieleza. Kwenda mjini na dhahabu mfukoni ilikuwa kujitafutia balaa. Mjomba akatoka shimoni, akaketi juu ya ndoo, akaanza kuhesabu kwa vidole: bati za nyumba, baiskeli, kitambaa cha Bibi. Bibi akamkata: "Mwoneshe baba yako kwanza."

Babu alikuwa barazani ananoa jembe. Alikuwa amestaafu karakana ya reli, fundi wa kukereza vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini, na vidole vyake vilikuwa na tabia ya kupima kila kitu kabla macho hayajatazama. Akaipokea sarafu, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akapitisha ukucha ukingoni. Nilimwona akitabasamu kidogo, halafu akaficha tabasamu.

"Unadhani ni nini?" akamuuliza mwanawe.

"Dhahabu, baba."

"Nikikwambia si dhahabu utaniamini?"

Mjomba akatazama chini. Babu hakumkemea. Akasema ataipeleka yeye kwa sonara, na mimi nitafuatana naye, kwa kuwa mzee na mtoto hakuna wa kuwasimamisha njiani. Mjomba akakubali. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia akimwita jirani kupitia uani kumuuliza bei ya bati.

Sonara alikuwa na duka jembamba karibu na soko, mzee wa Kihindi aliyezaliwa palepale Tabora na aliyezungumza Kinyamwezi safi kuliko mimi. Alimwamkia Babu "Mwangaluka", wakaulizana habari za nyumbani bila haraka yoyote, huku mimi nikiungua. Mwishowe Babu akaiweka sarafu juu ya meza.

Sonara akatoa jiwe jeusi, laini kama sabuni. Akausugua ukingo wa sarafu pale palipokwanguliwa, ukaacha mstari wa manjano. Kando yake akasugua pete ya dhahabu, mstari wa pili. Niliinama mpaka pua ikakaribia jiwe. Kwa macho yangu rangi ilikuwa moja! Kisha akafungua kichupa cha tindikali, akadondosha tone juu ya kila mstari. Wa pete ukabaki kama ulivyo. Wa sarafu yetu ukatoa povu jembamba, ukawa kijani, ukafutika.

"Shaba ya njano," akasema. "Shaba na zinki."

Machozi yalinilenga. Babu akaona, akaniwekea mkono begani, akamgeukia sonara: "Ndugu yangu, tuazime mizani na bilauri ya maji. Nataka huyu aone kwa njia nyingine."

Kilichofuata hakikuchukua hata nusu saa, na hakuna somo nililofundishwa darasani lililonikaa kama lile. Sonara aliifunga sarafu kwa uzi mwembamba, akaining'iniza upande mmoja wa mizani yake ndogo, akaipima hewani. Kisha akasogeza bilauri chini yake mpaka sarafu ikazama majini bila kugusa kioo. Upande ule ukapanda. Sarafu ilikuwa imekuwa nyepesi mbele ya macho yangu, na hakuna aliyeigusa.

"Maji yameibeba," akasema Babu. "Yanabeba uzito sawasawa na maji yaliyosukumwa ipate nafasi ya kukaa. Sasa dhahabu ni nzito mno kwa umbo lake. Gramu kumi na tisa na zaidi kidogo za dhahabu safi ndizo zinazosukuma gramu moja ya maji. Shaba ya njano, gramu nane na nusu tu. Kwa hiyo shaba ikizama inapoteza uzito mwingi kuliko dhahabu. Pima, halafu gawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopotea majini."

Sonara akatoa mawe ya mizani moja moja, nikagawanya kwa kalamu nyuma ya bahasha. Ikaja nane na ushei. Nikagawanya mara ya pili. Nane na ushei. Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa fizikia alitusimulia habari za Archimedes wa Siracusa na taji la mfalme Hiero, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na darasa zima likaona ni hadithi ya mbali. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na soko la Tabora na bilauri mkononi.

Sonara akasema anaweza kuinunua kwa bei ya shaba. Babu akamshukuru, akakataa. Tukaondoka, lakini hatukuelekea nyumbani. Babu akanipeleka upande wa stesheni, mpaka mahali ambapo unasikia nyundo za karakana, tukakaa chini ya mwembe. Maembe yalikuwa bado mabichi, madogo kama mayai ya njiwa. Akamwagia sarafu maji ya kibuyu, akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka maandishi yakatokea. (Siku hizi ningemzuia. Wanaojua sarafu za kale wanasema usiisugue kamwe.)

Upande mmoja kulikuwa na taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani) na herufi T peke yake. Upande wa pili, ndani ya matawi ya majani: 20 HELLER.

"Hiyo T ni ya nini?" akaniuliza.

Sikujua.

"Tabora."

Akanyoosha kidole kule zilikotoka sauti za nyundo. Akasema ilitengenezwa huku huku Tabora, kwenye karakana ya reli, na kwamba yeye na sarafu hiyo ni rika moja, kwa kuwa mama yake alimwambia alizaliwa mwaka walioingia Wabelgiji.

Akaanza kusimulia, nami nikasahau njaa. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na Wajerumani wakawa hawawezi kupata fedha kutoka kwao. Askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka ujira, wakulima wanataka kulipwa mtama wao. Serikali ikachapisha noti humu nchini, za karatasi hafifu, na watu hawakuziamini. Mtu anayebeba mzigo kutoka huku hadi mtoni Malagarasi anataka kitu kinacholia kikidondoka. Basi walipohamishia makao yao Tabora, wakageuza karakana ya treni kuwa kiwanda cha fedha. Wakakusanya maganda ya risasi na ya mizinga na mabaki ya shaba, wakayayeyusha, wakayasawazisha kuwa bamba, wakakata visahani, kisha kila kisahani kikabonyezwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu.

Hapo Babu alichukua muda mrefu, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyoipenda. Alipoanza kazi karakanani, zama za Mwingereza, alimkuta mzee mmoja aliyekuwa kijana wa tanuri wakati ule. Mzee huyo alimwonesha kwamba ukiweka sarafu mbili za namna ile pamoja hazifanani sawasawa, taji la moja pana, la nyingine jembamba, kwa sababu mihuri ilichongwa kwa mkono na ilipochakaa ilichongwa mingine. "Nchi zote fedha hutengenezwa na mashine za fedha," akasema Babu. "Hii ilitengenezwa na watu waliozoea kutengeneza vipuri vya gari moshi. Tazama ukingo. Mimi ningeukereza vizuri zaidi, lakini wao walikuwa na haraka."

Nikamuuliza kama dhahabu haikuwepo kabisa. "Ilikuwepo," akanijibu, "na ndiyo maana sikumcheka mjomba wako." Karakana ileile mwaka uleule ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, kule Iramba. Ndogo, haifikii upana wa hii, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Mzee wa tanuri aliwahi kuishika. Hazikuwa nyingi, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo wengi wao walikuwa askari wa Kongo, yakaingia mjini na kazi ikakoma.

Kisha akanisomesha neno lile lililoandikwa. Hel-ler. Nikalisoma mara mbili, polepole, na mara ya tatu likatoka kinywani likiwa neno nililolitumia kila siku ya maisha yangu.

"Hela!"

Babu akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Akaeleza kwamba rupia ya Mjerumani mwanzoni iligawanywa kwa pesa 64, neno lililotoka Bara Hindi, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa kwa heller 100. Wazee wetu wakazikunja ndimi kidogo, ikawa hela. Alipokuja Mwingereza akaleta senti na shilingi, sarafu za Mjerumani zikakusanywa, nyingine zikatupwa, nyingine zikadondoka mahali kama uani kwetu, lakini neno likabaki na kazi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Wajerumani wenyewe waliliokota neno hilo kwenye jina la mji wao uitwao Hall, ulikotengenezwa vijisarafu vya fedha karne nyingi zilizopita. Jina la mji wa huko limekuwa deni la muuza vitumbua huku.

Mwalimu wangu mmoja wa Kiswahili alikuwa akitukata maksi tukiandika "hela" kwenye insha, akisema ni neno la vijiweni, tuandike "fedha". Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani mpaka leo. Fedha ni jina la madini, pesa ni sarafu iliyokuja na majahazi, hela ni sarafu iliyowahi kupigwa hata Tabora kwa mihuri na tanuri. Yote matatu yaliwahi kushikwa mkononi. Hakuna la kijiweni hapo.

Jua lilikuwa limeanza kulala tuliporudi. Babu alitembea taratibu, sarafu akiwa amenipa nishike, na njia nzima niliigeuzageuza: taji, T, ishirini, taji. Nilifikiria ishirini yetu ya wakati huo, senti 20 yenye mbuni, nayo ya manjano vilevile, ambayo nilikuwa nimeidondosha mara ngapi bila kusoma chochote kilichoandikwa juu yake.

Mjomba alikuwa mlangoni. Alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la Idi, na jirani wa mabati alikuwa ameketi kwenye mkeka akisubiri. Bibi alikuwa anapepeta mchele ila macho yalikuwa kwetu. Mjomba hakungoja hata tuvuke kizingiti.

"Shikamoo baba. Hela iko wapi?"

Babu akanitazama. Nikaelewa kwamba ameniachia mimi. Nikasogea katikati ya mkeka, nikaiweka sarafu pale upande wa maandishi ukiwa juu, safi, inang'aa kwa majivu.

"Hela hii hapa, mjomba. Soma."

Akapiga magoti. Akasoma kwa kufuatisha kidole, kama alivyosoma siku zote. Nikaona midomo yake ikilitafuta neno, ikalikosa, ikarudi, ikalipata. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, na jirani akainuka taratibu akaaga. Ndipo Babu akaketi kando yake akaanza upya, tangu manowari za pwani, na safari hii mjomba ndiye aliyekuwa anauliza maswali.

Chakula kilipokuwa tayari Bibi akaja kuondoa vyombo kwenye mkeka. Akaiokota sarafu, hakuitazama sana, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, mahali alipofunga hela zake zote.