Kuya ya kwetu na kuya ya Kitwe

Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi. Kila baada ya miezi miwili mitatu navuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Kitwe, Zambia, soko la Chisokone, kununua vitenge na vifungo. Kifaransa changu kinaishia mpakani, na Kiingereza najua kuhesabu tu. Kinachonisaidia huko ni Kibemba.

Safari ya kwanza nilikwenda nikijiamini. Ugali sisi tunauita bukari, wao ubwali. Wakishukuru wanasema "natotela sana", na hiyo sana ni ile ile yetu. Reli iliingia mji huu mwaka 1910 ikitokea upande huo wa kusini, na Wabemba wengi wakaja kufanya kazi migodini. Ndiyo maana Kiswahili chetu kimejaa maneno yao. Nikaona hiyo si lugha ya wageni, ni ya ndugu.

Nilikuwa na mafurushi mawili. Kijana wa kubeba mizigo akanifikishia moja mpaka stendi, nikamlipa, akasema: "Ndeya, mayo." Mayo ni mama, hilo nililijua. Na kuya kwetu ni kuja, mwanangu namwita kila siku, "Kuya hapa!" Basi nikaelewa anakuja tena na furushi la pili. Nikasimama juani. Basi la Chingola likajaa, likaondoka, nami bado nimesimama.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza ndizi akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia yule kijana alisema anakuya. Akainuka, akanipa mgongo, akapiga hatua tatu kwenda zake: "Ndeya." Kisha akageuka, akanijia: "Ndeisa." Akarudia mara mbili, polepole, mpaka akaona nimeshika. Kuya kwao ni kwenda! Furushi nililikuta dukani salama.

Lakini kilichoniuma zaidi alinieleza baadaye, kwa sauti ya chini watu wasisikie. Asubuhi nzima nilikuwa nasalimu wakubwa "Ulishani?", kama mtu anavyomsalimia rafiki yake au mtoto. Mtu mzima, hata akiwa peke yake, huambiwa "Mulishani, mukwai?" Nilikumbuka mzee wa vifungo alivyoniangalia, na nikarudi kumsalimu upya. Bei hakupunguza, ila alinipa kiti.

Tangu hapo sinunui kitu kabla sijasalimu vizuri. Ni herufi moja tu, lakini kwangu ina uzito kuliko maneno mia ya sokoni.

Mwezi uliopita nilimkuta yule mama pale pale. Akasogeza beseni lake la ndizi nipate pa kukaa, tukazungumza mpaka basi likakaribia kujaa. Nikainuka, nikasema, "Ndeya, mayo." Akanishika mkono: bado. Anayeondoka humwambia anayebaki "Shalenipo", bakini salama. Nimeliandika nyuma ya daftari langu la vipimo.